Harufu Inayopanda na Mvuke

"Nani kajipulizia manukato humu ndani?"

Dada mkata vitambaa aliuliza kakamata kifua, dawa yake ya kuvuta mkononi. Vyerehani vya karakana ya sare vikasimama. Bosi alishapiga marufuku manukato kwa ajili ya pumu yake, na bado harufu ya yasmini ilikuwa inamkaba.

"Usinitolee macho, shoga," alisema mshona vifungo, mwanamke mwenye mdomo. "Tangu tugombane najipaka mafuta ya watoto tu. Njoo unuse."

Mkata vitambaa akamnusa shingoni. Kweli, hamna kitu.

"Basi ni jini lako," mshona vifungo akasema. "Na lina hela, maana hiyo si harufu ya bei chee."

Watu wakacheka. Mpiga pasi hakucheka. Huyo ndiye mchumba wa mkata vitambaa: mgane, mpole, na harusi yao ilikuwa Jumamosi. Alikuwa anamsikiliza mwenzake akikohoa, kainamisha kichwa pembeni, kama mtu anayefuatilia redio ya jirani.

Pasi ikatoa mvuke. Harufu ikapanda nao.

Mkata vitambaa akaganda. Kisha akaenda mezani kwa mchumba wake, akachukua chupa ya maji ya kujazia pasi, akafungua kifuniko. Yasmini ikampiga usoni.

"Mpenzi, hii nini?"

"Ya marehemu mke wangu. Matone machache tu. Mvuke ukipanda, namwona kama yumo."

"Na mimi nakatika pumzi hapa, unanitazama tu?"

"Sikutaka uumie."

"Yeye alikufa na nini?"

Mpiga pasi akairudisha pasi juu ya shati.

"Nakuuliza, baba."

"Kifua," akasema taratibu. "Alikuwa anakohoa hivyohivyo. Siku ile ya kwanza ulipokohoa pale mlangoni, nikajua amerudi."

"Kwa hiyo Jumamosi unamuoa nani?"

Alikuwa anatabasamu, lakini macho yake yalipita juu ya bega la mkata vitambaa, kule mvuke ulikokuwa unaelea.

Mkata vitambaa akavua pete, akaiweka juu ya shati lililonyooshwa nusu, akatoka.

Hajafika mbali, simu ikatetemeka. Ujumbe:

"Nimezima pasi. Nipigie, nakuomba. Si lazima useme kitu. Kohoa tu."

Akaizuia namba. Kifua kilikuwa bado kinamwasha. Akajiziba mdomo kwa kiganja, machozi yakimtoka, akakibana kikohozi hicho mpaka alipokata kona.