Ukuta wa Gicheru

Asubuhi ya Jumamosi, Septemba 1973, soko la Nyeri lilikuwa limefurika. Ngatia mpiga picha alipiga goti kando ya barabara, suruali yake ya kisasa, pana chini, ikiburura vumbi. Waliopita walimcheka. Mtu mzima anaacha maharusi anapiga picha nyumba! Lakini ndivyo alivyokuwa. Alipenda maduka ya mawe yaliyochongwa mwaka juu ya mlango, vibaraza vya mabati, na zaidi ya yote michoro ya ukutani. Huu wa hoteli ya chai ulishinda yote: mlima wenye theluji, korongo wanne, na birika likimimina chai chini ya mabawa yao.

Mara msichana wa gauni la manjano na viatu vya visigino vinene akasimama katikati.

"Dada, songa kidogo. Unaniharibia ukuta."

"Ati ukuta yako? Hiyo ni ya baba yangu. Gicheru ndiye alichora."

"Basi mwambie nimemsalimia."

"Alikufa mwaka juzi." Kisha, kwa kuwa kijana alikuwa ameona haya sana, akacheka. "Wacha kushtuka. Naitwa Wamucii."

Wingu lilikuwa limekwisha kuufunika mji, kwa hiyo Ngatia hakupiga picha. Ukuta hauna miguu, alisema. Atarudi jua likiwaka.

Wamucii alikuwa opereta wa simu posta. Ngatia akaanza kupiga simu kila siku.

"Nambari gani, tafadhali?"

"Sina nambari. Namtaka huyo ameshika simu."

"Huyo yuko kazini, bwana."

"Basi nipe saa ya chai, kipenzi."

Kila Jumamosi walikunywa chai chini ya korongo wale. Hadi Novemba, mwenye jengo alipotangaza kwamba Jumatatu ataupaka ukuta chokaa, uwe mweupe kwa sikukuu ya Jamhuri, Desemba.

"Ngatia, nipigie hiyo ukuta," Wamucii aliomba. "Baba hakuwahi kupigwa picha hata moja. Hiyo tu ndiyo niko nayo."

"Ngatia hapigi mara mbili, mrembo. Moja inatosha." Alibonyeza, akageuka kumtazama anavyotabasamu. Kamera za siku zile zilitaka uzungushe mkanda kwa mkono kila baada ya picha, la sivyo picha ya pili hulala juu ya ya kwanza. Kijana wa watu alisahau. Jumapili akampiga picha bibi arusi mbele ya kanisa.

Wamucii alipokuja studio Jumanne, chokaa ilikuwa imekwisha kukauka. Alipewa picha ya bibi arusi mnene, na nyuma ya shela lake ukungu uliokuwa korongo.

"Baba yangu umemfunika na arusi ya watu!"

"Wamucii, nilisahau tu..."

"Na ulisema hupigi mara mbili." Akatoka bila kufunga mlango.

Ngatia alipiga simu. "Hiyo nambari haipatikani," sauti ya Wamucii ilisema, na waya ukachomolewa. Siku saba hivyo hivyo. Alistahili, naye alijua.

Jioni moja, akipanga picha kuukuu za wateja, aliona bawa nyuma ya bega la mwanamke. Akatazama nyingine: mdomo wa birika. Nani aliyewahi kuja mjini akapigwa picha asisimame mbele ya ukuta ule?

Akapanda baiskeli. Wamagana, Gakindu, Chaka, nyumba kwa nyumba, akiomba kuona picha zilizoning'inia sebuleni. Watu walimpa chai, viazi na picha, Mungu awabariki. Mzee Peterson wa Chaka peke yake ndiye aliyekataa kuachia picha ya arusi yake mpaka aachiwe baiskeli iwe rehani. Ngatia akarudi Nyeri kwa miguu, akiimba.

Siku moja kabla ya Jamhuri alipiga simu. "Usinikatie. Njoo studio mara moja. Usipopenda, sitakusumbua tena."

Wamucii alikuja, kitambaa cheusi kichwani, uso ameukunja. Mezani palikuwa na picha thelathini na moja, zimepangwa ukingo kwa ukingo. Nyuma ya mabega ya watu wasiojuana, mlima ulisimama, na korongo wote wanne waliruka.

"Sasa tazama ya Peterson," Ngatia alinong'ona.

Maharusi wa 1964. Na pembeni, juu ya ngazi, mwanaume wa koti lenye madoa ya rangi, brashi mdomoni, akiwacheka maharusi.

Wamucii alimgusa kwa ncha ya kidole. "Baba," alisema. Machozi yakaja. "Asante. Asante, Ngatia. Asante Mungu."

Kisha Wamucii akachungulia mlangoni, mahali baiskeli ilipozoea kuegemezwa.

"Na baiskeli yako?"

"Iko kwa Peterson. Aliuliza kama huyo msichana nitamuoa."

"Ukamwambia nini?"

"Ati kwanza nimuulize."

"Si uulize."

Ngatia alipiga goti, vilevile kama siku ile sokoni, akauliza.

"Nimekubali," Wamucii alisema, akijifuta macho kwa kitambaa. "Lakini niko na sharti moja. Siku yetu, picha ipigwe mara mbili."