Mbwa Aliyekula Zawadi ya Mchumba

Walikutana kwenye foleni ya benki, mahali ambapo mtu mwenye akili hutazama mbele na kunyamaza. Mwanamume, dalali wa nyumba, alivaa suti ya bluu inayong'aa, viatu vilivyochongoka, na manukato ya kumtia mlinzi kizunguzungu. Mbele yake alisimama mshona mapazia, gauni la manjano, tepu bado inaning'inia shingoni.

"Dada, ukinipima mimi utapata ngapi?"

"Napima upana, kaka. Kwako naona mdomo tu ndio mpana."

Dalali akacheka, kama wachekavyo wapumbavu wanapotukanwa na mrembo. Namba ya simu ikatolewa. Ikawa "umekula, malaika?" asubuhi, "nimekula, mpenzi" mchana, mazungumzo ya kumchosha hata kasuku.

Jumamosi moja dalali alimtembelea na boksi jeusi lenye utepe wa dhahabu.

"Chokoleti nyeusi, laazizi. Imetoka ng'ambo. Watu wa kawaida hawaijui."

Akaliweka juu ya stuli, mbele ya pua ya Babu, mbwa mzee ambaye mshonaji aliachiwa na marehemu mama yake. Wakatoka barazani kujipiga picha. Waliporudi, Babu alikuwa analamba utepe.

"Mpe maziwa! Yanaua sumu," dalali akaamuru, kwa uhakika wa mtu asiyejua kitu.

Mshonaji alimpigia daktari wa mifugo.

"Usimpe maziwa, wala usimtapishe mwenyewe," daktari alisema. "Amekula kiasi gani? Ya aina gani?"

"Boksi zima. Nyeusi."

"Nyeusi ndiyo mbaya zaidi, inasumbua moyo. Mlete sasa hivi, na boksi lake."

Kliniki ilijaa watu na paka. Daktari, mama mmoja mwenye miwani, alisoma boksi, kisha akasikiliza kifua cha Babu.

"Inabidi nimtapishe. Lakini ni mzee na kifua chake kibovu. Akipaliwa na matapishi, anaweza kufa. Nikimwachia sumu tumboni, anaweza kufa vilevile. Niamulie, dada."

Mshonaji akaangua kilio. "Mtapishe."

Daktari alipoinua sindano, dalali akakohoa.

"Ngoja, daktari. Siyo nyeusi."

"Boksi linasema nyeusi."

"Boksi ni la bosi wangu, alilitupa. Ndani nilitia chokoleti za watoto, zile za duka la mtaani."

Mwenye paka mmoja akaguna kwa sauti.

"Hizo ni sukari na mafuta tu," daktari akasema, akiweka sindano chini. "Zitamharisha. Mpe maji, mwangalie mpaka kesho. Akitetemeka au moyo ukienda mbio, mrudishe."

Mshonaji alimbeba Babu bila kugeuka. "Wewe rudi kwenu. Na suti yako."

Asubuhi simu za dalali zilikatwa moja baada ya nyingine, mpaka mshonaji akachoka kukata.

"Babu mzima?"

"Mzima. Ameharisha zulia zima."

"Nije nilisafishe?"

"Leta sabuni yako."

Alikuja na fulana iliyotoboka kwapani. Akapiga magoti, akasugua, jasho likachuruzika puani. Brashi ikiwa bado mkononi, akasema:

"Nilitaka unione mtu mkubwa. Basi mtu mwenyewe ndiye huyu. Ukubali nikuoe."

"Unaposa na mavi ya mbwa mikononi?"

"Ungetaka ninawe kwanza?"

Mshonaji alijikaza asicheke, akashindwa. Hapo ndipo akili, ambayo kwenye foleni ilikuwa imemtosha, ilipomwacha kabisa.

"Sugua na ile kona," alisema. "Halafu unawe vizuri, twende ukamwambie mjomba."