Jina Kwenye Kisanduku cha Mwisho

Sharifah alipofungua programu asubuhi ile, ofisi yao ya Arua ilinuka nywele zilizoungua. Hakuna aliyekuwa amewasha moto.

Programu hiyo aliitengenezea zahanati moja ya Koboko. Fomu yake ilikuwa na visanduku vya kutia tiki: homa, kikohozi, kuhara. Majina hayo hakuyaandika kwa mkono. Kila fomu ilipofunguliwa, programu ilivisoma vichwa vya safu za jedwali kwenye hifadhidata, ikaviita kimoja kimoja na kukipa kila kimoja kisanduku.

Leo palikuwa na kisanduku kipya mwishoni. Alisoma jina la kisanduku hicho, akaondoa mikono kwenye kibodi.

Lilikuwa jina la jinni aliyewahi kumpanda mama yake. Shehe alimtoa kwa sharti moja: asiitwe tena bure. Akiitwa huja kutafuta kazi, na asipopewa humrudia aliyempanda zamani. Nyumbani kwao Koboko hakuna aliyethubutu kulitamka.

"Igga, nani ameweka hii?"

Igga, mwenzake wa kazi, alikuwa akimenya karanga. "Mimi. Nilikuwa napima kama fomu inasoma safu mpya. Si ulinihadithia siku ya Idi? Ni jina tu, dada. Iko shida gani?"

"Nilikuambia kama rafiki! Zahanati wanaiona?"

"Tangu jana. Kompyuta yote ya kule inasoma jedwali hii hii."

Simu ililia. Ni Faridah, mdogo wake, akinong'ona. "Dada, mama anakwaruza ukuta tangu jana. Kucha zinatoka damu. Anauliza kazi iko wapi."

"Futa!" Sharifah alimgeukia Igga. "Futa sasa hivi!"

"Bosi anaonyesha wafadhili saa hii. Nikigusa jedwali, fomu inakufa mbele yao. Na nywila niko nayo mimi. Kwani mama yako hawezi kungoja?"

Sharifah alibana simu sikioni, akasikia ule mkwaruzo, kucha juu ya ukuta, taratibu, kisha akausikia pia juu ya dari ya ofisi, hapo hapo Arua, ukija, ukipita juu ya kichwa chake na kurudi, na ndani ya simu sauti ya kiume ikatoka kinywani mwa mama yake.

"Wakifungua, naitwa. Nikija, hakuna kazi. Nani ananiita?"

Sharifah alimtazama Igga, aliyekuwa akipuliza maganda ya karanga.

"Anaitwa Igga," alisema. "Yuko hapa mbele yangu. Kazi yako muulize yeye."

Mkwaruzo ukakoma. Faridah akaangua kilio. "Dada, amelala! Anapumua vizuri!"

Karanga zilimwagika. Igga alikuwa ameinamia meza, akiikwaruza kwa kucha za mikono yote miwili, na machozi yakimtoka.

"Dada," alisema kwa sauti ndogo. "Iambie nilikuwa napima tu."

Namba ya shehe ilikuwa kwenye simu yake. Sharifah aliizima simu, akachukua mkoba, akatoka kutafuta gari la Koboko.