Shungi la Farasi wa Mbele

Kwaru, kwaru, kwaru. Sauti ya patasi ilimfikia Dorcas kabla hajafumbua macho. Akaruka kutoka kitandani, maana leo ndiyo ilikuwa siku ya picha ya maziko.

Karakana ya baba yake, Bwana Tibbet, ilikuwa chini ya ngazi, pale Clerkenwell. Humo walichonga kwenye mbao picha za riwaya iliyotoka sehemu moja kila mwezi, ikisomwa na London nzima. Mwezi huu Kapteni mzee wa hadithi alikuwa anazikwa: gari la jeneza, farasi wanne, kila mmoja na shungi la manyoya meusi kichwani. Msanii alikwisha kuchora ubaoni. Kazi yao ni kuchonga. Palipochongwa hutoka peupe, palipoachwa hushika wino.

"Chonga mawingu tu," baba alimwambia akivaa kofia kwenda kununua wino. "Farasi niachie mimi. Saa sita mchapaji anachukua ubao."

Mawingu yakaisha upesi. Mkono ukamwasha. Akaligusa shungi la farasi wa mbele, mstari kwa mstari, akijiona fundi kweli. Alipoinua patasi, shungi zima lilikuwa shimo.

Mdogo wake, Jabez, akachungulia, akacheka. "Dada, umemzika Kapteni kama mtoto mchanga. Manyoya meupe ni ya watoto. London nzima itauliza nani kafiwa na mwana."

"Nyamaza, Jabez."

"Nyamaza na wewe, usimwambie baba. Ubao ukishaondoka, atalaumiwa mchapaji."

Ilikuwa saa nne. Dorcas akisema, huenda asishike patasi tena. Akinyamaza, kazi ya baba itachekwa kila nyumba. Mlango ulipofunguka, Dorcas alisimama.

"Baba, nimeharibu shungi la farasi. Hukunituma, nimejituma."

Bwana Tibbet akainama ubaoni. Kisha akashika keekee ya kutobolea mbao. "Jabez, lete kigingi cha mbao ngumu. Dorcas, gundi."

Akatoboa palipoharibika, akapigilia kigingi, akakisawazisha, halafu akamrudishia binti yake patasi. "Zungushia pembeni tu, polepole. Mimi nashika ubao."

Dorcas akachonga ukingo wa shungi, unyoya kwa unyoya. Saa sita kasoro wakapaka wino, wakagandamiza karatasi, wakaibandua. Shungi lilitoka jeusi tii. Hata Jabez alipiga makofi.

"Kosa la saa nne lilipata dawa kwa kuwa ulilisema saa nne," baba alisema. "Ungelificha, lingeondoka na ubao, na hakuna gundi ya kuliziba. Fundi hukosea, mwanangu, lakini hafichi."

Dorcas akamtazama machoni. "Nakuahidi, baba. Nikikosea tena, utaambiwa kabla sijaweka patasi chini."