Mfereji wa Tumbo la Manase

Manase wa Ngujini alijua mambo mengi. Lakini jambo alilolijua kuliko watu wote wa Ugweno ni mahali vilipo vyoo. Ukimtajia nyumba yoyote, alijua njia ya kufika chooni, na kama mlango ni wa mbao au wa gunia. Elimu hiyo hakuitafuta. Tumbo lake lilimfundisha.

Asubuhi moja mkewe, Eliwaza, alipakua makande. Mahindi yameiva, maharage yameiva, mvuke unapanda. Manase alilivuta bakuli, akalitazama, akalisukuma.

"Huli?" Eliwaza aliuliza.

"Nikila, nitakimbia."

"Na usipokula?"

"Nitakimbia nikiwa na njaa."

Mambo hayo yalianza mwaka ule Malkia mpya wa Waingereza alipovikwa taji. Baragumu la msaragambo lilipigwa, na watu wote wakatoka kufanya kazi ya pamoja. Walikwenda kusafisha ndiva, yaani bwawa la kumwagilia mashamba, pamoja na mfereji wake. Jua lilikuwa kali. Manase aliinama, akanywa maji ya mfereji kwa viganja, kama walivyofanya babu zake. Wengi walikunywa.

Baadaye akaanza kuhara damu. Akaenda zahanati, akapewa vidonge, akavimaliza. Damu ikakoma. Homa ikaondoka. Watu wakamshukuru Mungu.

Tumbo ndilo halikushukuru. Lilinguruma, likasokota, likajaa hewa. Leo limefunga kabisa, kesho limefunguka bila taarifa.

Manase aliamua kwamba ugonjwa umebaki ndani, kama tope mferejini. Na kila mtu wa mlimani anajua dawa ya tope: fungua ndiva, maji yote yashuke kwa mkupuo. Basi kila juma alikunywa kikombe kizima cha mafuta ya nyonyo. Maji yakashuka kweli. Tope, kwa maoni yake, halikuisha.

Sasa ikaja habari ya Asheri. Huyu alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake Manase, naye alitaka kumwoa Priska, binti wa Mzee Gideoni, ng'ambo ya bonde. Manase ndiye msemaji wa ukoo, kwa hiyo alikwenda kuposa. Wazee walikaa. Wakasalimiana kwa heshima ndefu. Kisha Mzee Gideoni akauliza, "Je, binti yetu mnamtaka kweli?"

Manase alisimama. Akafungua kinywa. Akakimbia.

Aliporudi, Mzee Gideoni alikuwa ameshavaa kofia yake. "Nimeuliza swali," alisema. "Jibu limetokea mlangoni. Nawapa nafasi moja tu. Mkija tena, aje mtu anayeweza kuketi. Wako wengine wanaomtaka binti huyu."

Asheri hakulala. "Baba mdogo," alisema, "nitampata wapi msemaji mwingine? Ukikimbia tena, nimemkosa Priska."

Eliwaza hakungoja zaidi. Alimwita mdogo wake, Dorkas, muuguzi wa zahanati.

"Hodi wenyewe! Shikamoo, shemeji," Dorkas alisema akiingia. "Nasikia siku hizi umekuwa mwanariadha."

"Marahaba. Umekuja kunitibu au kunicheka?"

"Yote mawili. Kazi ya serikali haina haraka."

Alimuuliza maswali mengi, kisha akampa kiberiti kitupu. "Weka humu kinyesi kidogo. Upeleke hospitali ya Same, wakikague kwa hadubini. Tujue kama vijidudu bado vimo."

"Kinyesi changu kipande gari?"

"Kipande. Na nauli hakilipi."

Manase alisafiri na kiberiti mfukoni, amenyooka kama shemasi. Kabla ya kufika Same, abiria mmoja mwenye sigara akamgusa bega. "Ndugu, niazime kiberiti."

"Hiki hakiwaki."

"Nipe nijaribu."

"Ndugu yangu," Manase alisema kwa sauti ya msibani, "nakuomba sana, usijaribu."

Majibu yakatoka: hakuna minyoo, hakuna amiba, hakuna damu. Manase alirudi na hasira. "Kwa hiyo mimi ni mwongo? Tumbo linaniuma bure?"

"Linakuuma kweli," Dorkas alijibu. "Hebu niambie. Mafuriko yakishapita, mfereji hubakije?"

"Kingo zimelegea. Maji kidogo tu, zinabomoka."

"Mafuriko bado yapo?"

"Yameondoka."

"Lakini mfereji umeumia?"

"Umeumia."

"Ndivyo lilivyo tumbo lako," Dorkas alisema. "Vijidudu vilikuja kama mafuriko. Dawa ikaviua. Lakini utumbo ulibaki mwepesi kushtuka. Kitu kidogo tu, unajikunja. Si kila anayeugua kuhara damu hubaki hivi, lakini wako wengi. Chakula kingi kinaushtua. Maharage magumu yanaushtua. Hata hofu inaushtua. Ulikimbia saa ngapi kule kwa Mzee Gideoni? Si ni pale ulipoulizwa swali?"

"Na mimi kila juma nafungua ndiva!"

"Unabomoa kingo kwa mikono yako, shemeji."

"Nitakufa?"

"Utakufa, lakini si kwa hili. Ila ukiona damu tena, au homa, au unakonda, au tumbo linakuamsha usingizini, njoo zahanati upesi. Hapo ni jambo jingine."

Kisha Dorkas akaomba kuonyeshwa choo. Alikwenda, akarudi polepole, akiutazama mteremko.

"Kabla ya msaragambo ule, nani alikuwa anahara hapa nyumbani?"

"Mtoto wetu, Ruthi," Eliwaza alisema. "Alipona mwenyewe."

"Choo chenu kiko upande wa juu wa mfereji. Mvua ikinyesha, uchafu wake unakwenda wapi?"

Manase, msemaji wa ukoo mzima, alikwenda kuchukua jembe.

Juma hilo hilo alichimba choo kipya, upande wa chini wa mfereji na mbali nao, akakitengenezea kifuniko. Kile cha zamani alikifukia kabisa. Eliwaza alichemsha maji ya kunywa mpaka yatokote, akayaweka kwenye mtungi wenye kifuniko. Penye njia ya chooni pakawekwa maji na sabuni. Sabuni ikiisha, majivu.

Chupa ya mafuta ya nyonyo ilipewa kazi mpya ya kulainisha bawaba za mlango. Manase alikula kidogo kidogo, kwa saa zile zile: uji, ndizi laini, wali wakipata. Maharage yalilowekwa usiku kucha, yakapikwa mpaka yakalainika, naye akala vijiko vichache, akaangalia tumbo litasemaje. Jioni alitembea shambani taratibu. Tumbo likinguruma, alivuta pumzi ndefu na kuliambia, "Mafuriko yameshapita."

Halikupona kwa siku moja. Siku nyingine lilimkumbusha enzi zake. Lakini kingo zilianza kushika.

Siku ya kurudi kwa Mzee Gideoni ikafika. Makande yakaletwa. Manase aliomba kidogo, akaeleza sababu bila aibu. Mzee Gideoni akauliza swali lile lile. Asheri akafumba macho.

Manase hakutoka kitini. "Tunamtaka," alisema. "Kwa moyo wote, na kwa kuketi."

Wazee wakacheka. Mahari ikaanza kuzungumzwa, mbuzi mmoja mmoja, kila mbuzi na jina lake: huyu wa mama, huyu wa mjomba. Walipofika kwa mbuzi wa shangazi, Mzee Gideoni alishika tumbo, akainuka, akatoka mbio.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Aliporudi, alikuwa ametazama chini.

"Mkwe," Manase alimuuliza kwa upole, "wewe nawe ulikunywa maji siku ya msaragambo?"

"Nilikunywa. Nikahara damu, nikapona. Tangu hapo niko hivi."

"Mbona siku ile hukuniambia?"

"Wewe uliniambia?"

Basi Manase akamweleza yote: mafuriko, kingo, choo kilichochafua mfereji, maji ya kuchemsha, na zahanati ambako Dorkas angempima. Mzee Gideoni alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na choo hicho kilichokuwa juu ya mfereji, kilikuwa cha nani?"

Manase alivuta pumzi ndefu. Tumbo likajikunja kidogo, likatulia.

"Kilikuwa changu, mkwe. Nimekifukia."

Mzee Gideoni akamtazama, akaitazama njia ya chooni kwake, akamtazama tena.

"Basi," alisema, "ataongezwa mbuzi mmoja. Jina lake, mbuzi wa tumbo."

Manase alimlipa kwa furaha. Na siku ya harusi, maji yote ya kunywa yalikuwa yamechemshwa, wazee wawili waliketi mbele pamoja, na ibada ilikwisha bila hata mmoja wao kuinuka.