Kikapu cha Bibi Conjesta

Kila siku ya likizo, kabla jua halijapanda juu ya mabati ya Tunduma, Roda alikuwa ameshaanza kupita kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Kwa mkono mmoja alishika birika la chai, kwa mwingine ndoo ya chapati zilizofunikwa kitambaa. Madereva walimzoea. Wale wa ng'ambo walimsalimia, "Mulishani?" naye akawajibu kwa Kibemba chake cha kuokoteza, wakacheka, wakanunua.

Chapati zilitoka kwenye mgahawa wa mama yake, mgahawa wenye meza chache na sifa nyingi. Sifa hizo hazikuja bure. Lilipokuja suala la wateja, Mama Roda hakuwa na mchezo hata kidogo. "Mtu akikaa, mtazame usoni kwanza," alimwambia binti yake kila mara. "Sahani itasubiri. Uso ndio utakaokuambia kama ana haraka, ana homa, au ametoka kugombana na mkewe."

Roda aliitikia tu. Mawazo yake yalikuwa mbali na meza zile. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alitaka kuwa mhudumu wa ndege. Aliwaona kwenye runinga, wamefunga skafu shingoni, wanatembea kama sakafu yote ni yao. Mara nyingine alijifunga kipande cha kitenge shingoni, akapeleka supu kwa madaha, mpaka madereva wakamuuliza ndege inaondoka saa ngapi.

Kwa hiyo familia ilipoamua kwamba yeye ndiye atakayemsindikiza Bibi Conjesta kwenda Dar es Salaam kutibiwa macho, na kwamba wangepanda ndege kwa sababu miguu ya Bibi haikuweza tena safari ndefu ya basi, Roda aliruka mpaka akamwaga unga.

Asubuhi ya safari, mama yake alimkabidhi kikapu cha Bibi. Kilikuwa kikapu cha ukindu, mshikio wake umeshonwa upya kwa uzi wa gunia, kimekwenda sokoni, shambani na kanisani kwa miaka mingi. Ndani yake kulikuwa na viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi mbivu na chupa ya juisi.

"Nisikilize vizuri," mama yake alisema. "Bibi yako ana kisukari, na sindano ameshachoma. Hicho kikombe cha uji alichokunywa hakitamfikisha mbali. Ikifika saa nne lazima ale. Ukimwona anatoka jasho na kutetemeka, ujue sukari imeshuka. Mpe juisi hapo hapo. Kikapu hiki kisitoke mkononi mwako. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

Alielewa kweli. Tatizo halikuwa kuelewa.

Kwenye uwanja wa ndege wa Songwe, Roda aliwakuta watu wenye mabegi ya magurudumu na viatu visivyo na vumbi. Mbele yao kwenye foleni alisimama msichana wa rika lake. Msichana yule alikitupia macho kikapu, kisha akamnong'oneza baba yake. Hakuna ajuaye alinong'ona nini. Pengine alikuwa anaomba kwenda chooni. Lakini Roda alihisi masikio yanamwaka moto. Bibi alipokwenda kukaa kwenye benchi, Roda alifungua begi kubwa haraka haraka, akakisokomeza kikapu ndani, akafunga zipu. Begi likapimwa, likafungwa kikaratasi, likaenda zake na mizigo mingine. Dada wa kaunta alimtakia safari njema kwa tabasamu.

"Kikapu changu kiko wapi?" Bibi aliuliza.

"Wamesema hakiruhusiwi ndani, Bibi. Yule dada wa kaunta ndiye aliyesema."

Bibi alimtazama yule dada kwa mbali, akaguna. "Haya. Wenye ndege wamesema."

"Usijali, Bibi. Kule ndani wanagawa chakula."

Ndege ilichelewa kwa sababu ya ukungu. Saa nne ikawakuta bado wamekaa. Karibu yao palikuwa na duka la vinywaji, na Roda, ambaye moyo ulikuwa umeanza kumsuta, alimuuliza Bibi kama anunue soda.

"Ya nini? Si umesema ndani wanagawa? Tusubiri, mke mwenzangu," Bibi alimtania. "Tusije tukaingia tumeshiba, tukaacha vya watu."

Walipopanda, Roda aliwaona wahudumu kwa macho yake mwenyewe. Skafu zilikuwa zile zile. Mmoja alikuwa na kibandiko kifuani kilichoandikwa Erica. Roda alimwamkia, akatabasamu mpaka mwisho wa meno. Erica alimwelekeza kiti kwa kidole huku akiongea na mwenzake, hakumtazama.

Ndege ilipaa. Bibi aliegemeza kichwa dirishani, akafumba macho. Baadaye kitoroli cha vinywaji kikaja. Roda alijiweka sawa kitini.

"Bibi amelala," Erica alisema kabla hajaulizwa. "Tutarudi." Kitoroli kikapita, na Roda mwenyewe hakupewa kitu. Akanyamaza, maana alikuwa amefundishwa kutosumbua wakubwa. Alingoja. Aliwaona watu wa mbele na wa nyuma wakinywa. Kitoroli kilirudi kwa kasi, lakini kukusanya vikombe.

Hapo ndipo aliposikia mkono wa Bibi unatetemeka juu ya wake. Ulikuwa wa baridi, umelowa.

Roda alibonyeza kitufe cha kumwita mhudumu. Taa ikawaka. Hakuja mtu. Nyuma ya pazia kulisikika vicheko. Muda ulipita, Erica akaja, akanyoosha mkono na kuizima taa.

"Unasemaje, mdogo wangu?"

"Naomba juisi, dada."

"Muda wa vinywaji umepita. Subiri, nitaona."

Akaondoka. Angeinamisha macho kidogo tu, angeyaona matone ya jasho kwenye paji la uso la Bibi. Hakuinamisha. Na Roda naye hakusema neno lile moja, kisukari, kwa sababu alijua swali litakalofuata: mbona hamkubeba kitu? Akabonyeza tena. Safari hii Erica alisema akiwa bado mbali, "Hicho si cha kuchezea, jamani!" Abiria wawili wakageuka kumtazama Roda. Akajikunyata kitini kwa aibu.

Ndipo Bibi alipoanza kuongea Kinamwanga, kwa sauti ya usingizini, akimwita dada yake aliyekufa zamani, akimwambia awahi kuanua mtama, mvua inakuja. Alimtazama Roda bila kumjua.

Roda aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Alifungua mkanda, akakimbia mpaka nyuma, akalivuta pazia. Erica alikuwa anamwonyesha mwenzake picha kwenye simu. Kwa mara ya kwanza, Roda alisahau kuwaamkia wakubwa.

"Bibi yangu ana kisukari! Amechoma sindano asubuhi na hajala. Hanitambui. Nipeni sukari sasa hivi, atakufa!"

Yule mwenzake, kaka mmoja aitwaye Shadrack ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi wa wahudumu, aliinuka mara moja. Alichukua juisi na pakiti za sukari, akapiga magoti kando ya Bibi, akamwinua kichwa, akahakikisha kwanza kwamba anaweza kumeza. Akamnywesha kidogo kidogo. Erica alisimama nyuma yao na simu yake mkononi, uso umempauka.

Ilichukua muda. Kwa Roda ilikuwa kama safari nzima kutoka Tunduma. Hatimaye Bibi alipepesa macho, akamtazama Shadrack, akauliza, "Wewe kijana ni nani, mbona umenikumbatia?"

Roda alilia kwa sauti, hakujali nani anamtazama.

"Hamkubeba chochote cha kula?" Shadrack aliuliza kwa upole, akimpa Bibi mkate.

Roda alifungua mdomo. "Tulibeba. Walitunyang'anya kikapu uwanjani."

Uongo ulitoka mwepesi kuliko mara ya kwanza.

Dar es Salaam, mjomba Damiano aliwapokea na kusikia habari yote. Hakupoteza wakati. Aliwachukua mpaka ofisi ya kampuni ya ndege palepale uwanjani, akamsimulia msimamizi, mama mmoja mtulivu aliyevaa miwani. Msimamizi aliwaita Shadrack na Erica. Hawakukana.

"Hawa nitashughulika nao," msimamizi alisema. "Lakini kubwa zaidi ni huyo wa kaunta ya Songwe. Kumnyang'anya mgonjwa chakula chake! Huyo leo hii harudi kazini." Akainua simu.

Roda aliliona tena tabasamu la yule dada. Safari njema, alimwambia. Pengine naye alikuwa na mama, au na bibi, au na wadogo zake wanaomngoja nyumbani. Simu ilianza kuita upande wa pili. Roda aliisogelea meza.

"Mama, usimpigie!" alisema. "Hakutunyang'anya. Ni mimi. Nilikiona kikapu kibaya, nikakificha kwenye begi. Nikamdanganya Bibi."

Msimamizi alirudisha simu mezani. Mjomba Damiano alimtazama Roda, kisha akatazama chini. Hasira yote ilikuwa imegeuka fedheha.

"Tusamehe, mama," alisema akiinuka. "Basi sisi hatuna malalamiko tena. Twendeni."

"Keti, Damiano," Bibi alisema.

Sauti yake ilikuwa bado dhaifu, lakini mjomba alikaa.

"Malalamiko tunayo. Kosa la mtoto huyu ni la kwetu, na tutalimaliza nyumbani, nalo ni zito. Lakini yeye kukosea hakukumfanya dada huyu asiione taa. Taa iliwaka mara mbili." Akamgeukia Erica. "Mwanangu, sogea. Nitazame usoni."

Erica alimtazama. Macho yalimjaa machozi. "Nisamehe, Bibi. Niliona taa, sikukuona wewe."

"Nimekusamehe. Ila kesho kuna bibi mwingine kwenye kiti kile, na huenda hana mjukuu wa kukimbia."

Msimamizi aliwaomba radhi. Aliwaahidi kwamba Erica, na Shadrack aliyekuwa kiongozi wake, hawatahudumia abiria mpaka wafundishwe upya, na kwamba tangu siku ile abiria mgonjwa ataulizwa hali yake kabla ya kupanda. Kisha akamwambia Roda asimulie upya tangu mwanzo. Roda alisimulia, kikapu kikiwemo, na safari hii hakuruka kitu.

Walipotoka nje, Roda alishindwa kutembea. "Bibi, ungekufa. Kwa ajili ya aibu yangu."

"Ningekufa kweli," Bibi alisema, hakumpunguzia. Alikaa kwenye ukingo wa barabara, akamvuta Roda akae karibu naye. "Sikia, mjukuu wangu. Ukionewa, sema. Taja tatizo lako kwa jina lake, usiseme naomba juisi wakati bibi yako anazimia. Wakubwa wasipokusikia, sema tena. Huo si utovu wa adabu. Lakini uanze na ukweli wako mwenyewe, hata kama unakuaibisha. Leo uongo wako ulikuwa unamfukuza kazi mtu aliyekutakia safari njema."

Roda aliinamisha kichwa. "Nitakwenda kumwomba radhi tukirudi, Bibi."

"Utakwenda. Na mimi nitakuwepo." Bibi akamgeukia. "Bado unaitaka kazi ile ya skafu?"

Roda alifikiria nyuso za madereva asubuhi kwenye foleni, na mama yake akimkemea juu ya sahani.

"Naitaka, Bibi. Lakini nitawatazama watu."

"Basi anza na mimi. Unauonaje uso wangu?"

Roda aliutazama vizuri, mikunjo yote, na macho yale yaliyofifia.

"Una njaa," alisema.

"Umepatia. Fungua hilo begi."

Roda alikitoa kikapu mbele ya watu wote waliokuwa wakipita na mabegi yao ya magurudumu, akakiweka mapajani, akamenya kiazi na kumpa Bibi. Siku waliporudi Songwe, kikapu kilisafiri mapajani mwake njia nzima.