Aliyekaa Kwenye Kiti cha Kalondu

Haya yalimpata wifi yangu. Sehemu kubwa niliishuhudia mwenyewe, na sehemu ambayo sikuwapo nililetewa kwa barua, ambazo nimezisoma hadi zikachanika kwenye mikunjo. Mimi naitwa Muthoki, fundi wa cherehani sokoni Mutomo. Mume wangu Mwangangi ana dada wawili. Mkubwa ni Kasyoka, aliyeolewa hapa hapa Mutomo na Kivuva, mwuza mbuzi. Mdogo ni Kalondu, aliyeolewa kule juu milima ya Kilungu, mahali ambapo watu huvaa sweta mchana kutwa na hakuna anayenunua maji kwa mtungi.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa saba, mwaka wa 1979. Nilikuwa napiga pasi sare za shule Kasyoka alipoingia na barua. Kalondu alikuwa ametualika sisi wawili tukapumzike kwake siku tatu, kwa sababu nyumba yao mpya ilikuwa imekwisha. Kasyoka aliisoma barua mara mbili, kisha akaikunja vidogo vidogo mpaka ikawa kama kidonge.

"Kupumzika," akasema. "Nani alimwambia tumechoka?"

Ili umwelewe Kasyoka, lazima nikwambie habari ya Ndolo, mume wa Kalondu. Ndolo alikuwa mpishi katika hoteli ya watalii mbugani, na mwanamke aliyemtaka kwanza hakuwa Kalondu. Alikuja na wazee wake kumposa Kasyoka. Kasyoka, aliyekuwa msichana mrembo na mwenye mdomo, alisema mbele ya wageni kwamba yeye hataolewa na mwanamume anayepika. Watu walicheka. Ndolo alimaliza uji wake, akashukuru, akaenda. Baada ya miaka miwili alirudi kumposa mdogo mtu. Kasyoka wakati huo alikuwa kwa Kivuva, mtu mwema, lakini zawadi ya mwisho aliyompa mkewe ilikuwa sufuria ya harusi.

Tulishuka basi kwenye mji wa Salama, tukapata pikapu ya kwenda Nunguni, na kutoka hapo tukapanda kwa miguu. Nyumba ilikuwa imekaa kwenye ukingo wa mlima kama ndege anayetaka kuruka. Ilikuwa ya mawe, na ndani mna mahali pa kuota moto ukutani, moshi ukipanda kwa bomba lake bila kumsumbua mtu macho. Ndolo alikuwa ameona namna watalii wanavyoishi, akamjengea mkewe hivyo hivyo. Nje palikuwa na baraza ya mbao, na kwenye baraza kiti kipana cha kubembea, kimening'inizwa kwa minyororo, kikitazama mabonde yote mpaka macho yachoke. Jioni tulikaa hapo tukila mahindi ya kuchoma, mito laini mgongoni, ukungu ukipanda kutoka chini polepole kama maziwa yanayotaka kuchemka.

Kila kitu Kalondu alichoshika kilikuwa zawadi. Ndolo hakuja likizo mikono mitupu, na hakuleta vitu vya kuleta tu. Alikuwa akisikiliza. Mkewe akisema miguu inapata baridi asubuhi, mwezi ujao angeletewa soksi nene. Kalondu alitueleza haya kwa furaha, bila kuringa, na nadhani hilo ndilo lililomuumiza dada yake zaidi. Mtu anayeringa unaweza kumsema.

Siku ya kuondoka alitupa zawadi na sisi. Mimi nilipewa chupa ya chai. Kasyoka alipewa shali ya sufu, nzito, rangi ya mvua inayokuja. Kalondu alikuwa ameifuma kwa mkono wake miezi mitatu. Alisema alikumbuka jinsi dada yake alivyotetemeka alipokuja mara ya kwanza.

Kasyoka aliipokea kwa mikono miwili, kama tulivyofunzwa. Aliipitisha vidoleni. Halafu akasema kwa sauti ya chini sana:

"Umenipa kitu cha kuvaa hapa kwako tu."

Kalondu alicheka akidhani ni mzaha. Mimi nilikuwa nimesimama karibu. Kasyoka hakuwa anamtazama dada yake. Alikuwa anatazama kile kiti.

Tulirudi Mutomo. Jua lilikuwa lile lile, mbuzi wale wale. Wiki ya pili nikapita kwa Kasyoka na kumkuta amekaa mlangoni, saa kumi alasiri, juani, amejifunika shali mpaka kidevuni. Majirani walikuwa wakicheka kwa pembeni. Nilimsalimu, asijibu. Macho yalikuwa wazi. Nilimgusa bega ili nimwamshe, nikaondoa mkono haraka.

Shali ilikuwa imelowa. Ilikuwa na umande, mdogo mdogo, kama blanketi lililoanikwa nje usiku kucha. Na Mutomo haikuwa imeona mvua tangu mwezi wa tano.

Mwezi wa nane barua ya Kalondu ilinijia mimi. Aliandika kwa upole, kama mtu anayeogopa kukosea. Aliniomba nimwambie dada yake kwamba akija, awe anaingia ndani. Si vizuri mtu wa nyumbani kukaa nje kwenye kiti saa nzima, amewapa watu mgongo, halafu anaondoka bila hata maji. Alisema ameshamwita mara nyingi. Alisema mbwa hambwekei, analala tu chini na kuficha pua.

Nilimsomea Kasyoka barua hiyo nikitarajia ashtuke. Alitabasamu.

"Jana Ndolo amemletea viatu," akasema. "Vina manyoya ndani. Vinamtosha." Akanyoosha mguu wake uliojaa vumbi, akautazama. "Vinanitosha na mimi."

Barua iliyofuata ilikuja baada ya siku tisa. Kalondu aliniandikia kwamba Ndolo alimletea viatu vya manyoya, na kwamba hata navyo hapati joto. Baridi ilikuwa imemwingia. Alikuwa akikaa karibu na moto mpaka sketi inaungua, na bado meno yanagongana. Hospitali walimpima, wasione ugonjwa.

Mwezi wa kumi Ndolo mwenyewe akaja Mutomo. Hakwenda kwa Kasyoka. Alikuja kwenye kibanda changu, akafunga mlango nyuma yake, akakaa juu ya gunia la vitambaa. Alikuwa amekonda.

Alinieleza kwamba Jumamosi iliyopita alifika nyumbani alasiri, ukungu umejaa. Mkewe alikuwa kwenye kiti cha kubembea, amempa mgongo, amejifunika shali. Ndolo alikuwa na saa ya mkono ndani ya kiboksi, ameinunua kwa mshahara wake. Alimzunguka kwa nyuma, akamwekea kiboksi mapajani, na yule mwanamke akamshika mkono. Akaushika kwa muda mrefu. Ndolo aliingia ndani kutafuta chai, akamkuta Kalondu kitandani chini ya blanketi tatu.

Kalondu akamuuliza anaongea na nani huko nje.

Alipotoka, kiti kilikuwa bado kinabembea. Kiboksi kilikuwa sakafuni, wazi, kitupu.

"Ule mkono ulikuwa na joto, Muthoki," akaninong'oneza. "Joto la huku kwenu."

Nilimuuliza saa ngapi. Akasema saa kumi.

Ndolo alipoondoka nilikwenda moja kwa moja kwa Kasyoka. Alikuwa ametoka tu kuzinduka, ameketi kizingitini, shali mapajani. Niliushika mkono wake. Ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Kwenye kifundo palikuwa na alama ya mkanda wa saa, ngozi imebonyea na kuwa nyeupe. Saa yenyewe haikuwapo. Hakuwahi kuwa na saa.

"Wifi, unaenda kule?"

"Siendi. Nakaa tu hapa." Akafikiri. "Nakaa, nafika."

"Kalondu anakufa."

Mbuzi walikuwa wakirudi, na Kivuva nyuma yao akipiga mluzi.

"Kile kiti kilikuwa changu," akasema.

"Ulikikataa mwenyewe, wifi. Mbele ya watu."

Hapo ndipo alipolia. Tangu niolewe katika ile familia sikuwa nimemwona akilia, hata mama yao alipozikwa. Alilia bila sauti, mdomo wazi. Akaniambia kwamba kila akifumba macho anaona lile bonde, na kwamba mara mbili za mwisho alijaribu kurudi, na yule aliyekaa kwenye kiti hakutaka kuinuka.

Tulimwambia mchungaji wa kanisa. Hakuzungumza habari za uchawi. Alisema tu kwamba kitu kilichopokewa kwa moyo mbaya kirudishwe kwa mkono ule ule, na msamaha uombwe kwa mdomo ule ule. Kivuva alitupa nauli. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini siku hiyo alitufuata hadi stendi.

"Muthoki," akaniambia, "nirudishie mke wangu."

Tulifika Kilungu mwezi wa kumi na moja, mvua zimeanza. Kasyoka alikuwa amebeba shali ndani ya kiondo, ameikunja, ameifunika na leso. Niliiona mwenyewe tulipopumzika njiani. Ilikuwa mle.

Ukungu ulitukuta langoni. Nyumba ilionekana nusu. Baraza ilionekana. Minyororo ilikuwa ikilia, polepole. Kwii. Kwii.

Kulikuwa na mtu kwenye kiti.

Alitupa mgongo. Shali ilikuwa mabegani mwake. Rangi ya mvua. Niliangalia kiondo cha Kasyoka. Leso ilikuwa juu, shali chini yake. Nikaangalia tena baraza.

"Ndiye?" Kasyoka akaniuliza.

"Ni wewe," nikasema.

Nilitaka kumshika. Sikumshika. Alipanda zile ngazi tano peke yake, kiondo kifuani. Ukungu ukafunga. Sikuona tena baraza, wala mlango, wala mkono wangu mwenyewe nilipounyoosha. Nilisikia kiti kikisimama. Nilisikia wanawake wawili wakizungumza, kwa chini, kama watu wanaopatana bei. Sauti zilikuwa mbili. Lakini ilikuwa sauti moja.

Halafu kimya.

Halafu nyayo zikashuka. Za mtu mmoja.

Alitoka kwenye ukungu bila kiondo, bila shali, uso umetulia. Akanishika mkono.

"Twende nyumbani, wifi. Kumekwisha."

Mkono wake ulikuwa na joto.

Kalondu aliinuka kitandani jioni ile ile akaomba uji. Siku ya tatu alikuwa anachota maji. Ndolo alikishusha kile kiti, akakipasua kuwa kuni. Shali hatukuiona, wala kiondo, wala leso.

Huku Mutomo mambo yalikuwa mazuri kupita tulivyoomba. Kasyoka alikuwa mpole. Hakumsema mtu. Jirani akinunua redio, yeye ndiye wa kwanza kwenda kumpongeza. Alicheka na Kivuva mezani, akamsifu kwa mambo madogo, na mzee wa watu akaanza kumletea zawadi kutoka Kitui mjini: kitambaa cha kichwa, mafuta ya kujipaka, mara moja hata maua ya karatasi. Kivuva aliniambia kwamba Mungu amejibu. Sikumpinga.

Karibu na Krismasi Kasyoka alileta kitambaa nimshonee gauni. Nilikuwa nimemshonea Kasyoka kwa miaka kumi na mmoja, na mwili wa mtu fundi anaujua kuliko mumewe. Kasyoka alikuwa na bega la kushoto lililoshuka kidogo, kwa sababu ya kubeba maji upande mmoja tangu utotoni. Kila gauni lake nililikata hivyo. Siku hiyo niliweka futi, nikasoma. Nikaweka tena.

Bega la kushoto lilikuwa juu. Lililoshuka lilikuwa la kulia.

Alikuwa ananitazama kupitia kioo changu cha ukutani.

"Kuna shida, wifi?" akauliza kwa upole.

Nikasema hakuna.

Mwaka mpya Kalondu aliniandikia mara ya mwisho kuhusu mambo haya. Alisema kukiwa na ukungu, mtu hupiga hodi mchana. Hodi ya adabu, mara tatu, anangoja. Wakichungulia, barazani hakuna mtu. Lakini sauti ipo. Inasema baridi imemchosha. Inasema inataka kurudi Mutomo, Kivuva atakuwa anamngoja na mbuzi. Inaomba wamwambie Muthoki aje amchukue, kwa sababu Muthoki anaijua njia. Kalondu aliniuliza kama afungue.

Nilikaa na barua hiyo siku nzima. Nje, nilimsikia Kivuva akipita na mkewe, wakicheka. Jioni nikaandika jibu la neno moja, nikalipeleka posta kabla sijabadili nia. Usifungue.

Yule niliyerudi naye aliishi Mutomo miaka kumi na minne zaidi, akapendwa, akazikwa na watu wengi. Mimi nilikaa mstari wa nyuma. Nina zile karatasi za gazeti nilizokatia magauni yake, moja ya mwaka wa 1978 na moja ya Krismasi ile. Ukizilaza moja juu ya nyingine, hazilingani hata kidogo. Ukigeuza moja, uso wake ukilala chini, zinalingana mpaka ukingoni, pasizidi hata upana wa uzi.